SOMO: KABLA YA KUONGEZA OROFA JUU YA DUKA

Vikundi vyetu vingi vikipata pesa kidogo hununua ploti sokoni na kujenga maduka ya kukodisha. Hilo ni jambo jema. Lakini baada ya miaka miwili mitatu utasikia mtu akisema, "Tuongeze orofa moja juu, tupate kodi zaidi." Mwingine naye, "Huu ukuta tuutoe, duka liwe pana." Kabla hamjamwita fundi, hebu tuangalie yaliyotokea Seoul, Korea Kusini.

Yaliyotokea
Huko kulikuwa na duka kubwa lililoitwa Sampoong. Ramani ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kuishi zenye orofa nne. Kazi ikiwa imeshaanza, mwenye jengo akataka liwe duka. Nguzo nyingine zikatolewa ili kupata nafasi ya ngazi za umeme, na orofa ya tano ikaongezwa. Kampuni iliyokuwa ikijenga ilikataa mabadiliko hayo. Ikafutwa kazi, na kampuni ya mwenye jengo mwenyewe ikamalizia.

Orofa ya tano ikawa ya mikahawa. Wakorea wana desturi ya kuketi sakafuni, kwa hivyo sakafu ilitiwa mabomba ya maji moto na zege zaidi. Uzito ukaongezeka. Mwaka wa 1993 mitambo mizito ya kupoza hewa ilihamishwa kwa kuburutwa juu ya paa, na nyufa zikazidi.

Asubuhi ya Juni 29, 1995, nyufa kubwa zilionekana. Wakubwa walifunga orofa ya juu, lakini chini biashara iliendelea, maana wateja walikuwa wengi. Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, jengo lilianguka. Watu 502 walikufa. Mwenye duka alifungwa gerezani, pamoja na maofisa waliokula hongo.

Tunajifunza nini?
1. Jengo huchorwa kwa kazi yake. Uzito wa paa na sakafu hushuka kwa boriti, ukaenda kwa nguzo, kisha msingi, mwisho udongo. Msingi wa duka moja haukupimwa kubeba orofa mbili. Hata chumba cha kulala kikigeuzwa stoo ya simiti au magunia ya mahindi, mzigo si ule tena.

2. Nguzo si pambo. Hata ukuta huenda ndio unaoshikilia sakafu ya juu. Usiubomoe kwa neno la fundi peke yake. Mwite injinia aje aangalie.

3. Ufa ni ujumbe. Ufa mwembamba kwenye plasta huenda ukawa jambo dogo. Lakini ufa kwenye nguzo au boriti, ufa unaopanuka, sakafu inayobonyea, au milango inayoanza kukwama bila sababu, hayo si ya kupakwa rangi. Toeni watu kwanza, halafu mwite injinia. Kodi ya siku moja hailingani na maisha ya mtu.

Mkitaka kujenga
Ikiwa mnatarajia kuongeza orofa siku za usoni, semeni tangu mwanzo, ili msingi na nguzo zichorwe kwa mzigo huo. Pelekeni ramani ofisi ya kaunti ipitishwe. Hakikisheni kontrakta amesajiliwa na Halmashauri ya Kitaifa ya Ujenzi. Najua mtu atasema gharama ni kubwa. Ni kweli, lakini waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huko Seoul hata nafasi ya kujenga ukuta haikupatikana.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Ramani ya jengo letu iko wapi, na ilichorwa kwa orofa ngapi?
2. Je, tumebadilisha matumizi ya chumba chochote tangu tujenge?
3. Mpangaji akiona ufa, atamwambia nani? Na huyo ana uwezo wa kufunga jengo siku hiyo hiyo?