Kanumba, Mwigizaji wa Shinyanga

Hapa Kalangalala wengi tulimwona Steven Kanumba kwenye vibanda vya video. Je, wajua alikuwa mtoto wa huku kwetu? Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Baadaye akahamia Dar es Salaam. Mwaka 2002 akaingia kikundi cha Kaole, kilichoonyesha michezo kwenye televisheni.

Filamu za kigeni zilitaka mtu wa kututafsiria. Za Kanumba nyingi zilikuwa za Kiswahili. Bibi alisikia mwenyewe, akacheka, akalia, hata akamgombeza yule mwovu kwa sauti! Utamu ulikuwa hapo.

Mwaka 2006 alicheza na Wanaijeria katika filamu ya "Dar to Lagos". Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, ana miaka 28 tu. Maelfu ya watu walimsindikiza. Amezikwa makaburi ya Kinondoni.