Karo ya chuo: dondoo kwa wazazi wa Usenge

Kupangiwa chuo na KUCCPS si kulipiwa karo. Mwanafunzi lazima aombe mwenyewe mtandaoni: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, na mkopo wa HELB, ambao kwa wanaosomea digrii hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tangu 2023 uwezo wa familia hupimwa kabla ya fedha kugawanywa, na hapo ndipo wengi huteleza. Mvuvi hana hati ya mshahara. Mama anayeanika omena naye hujaza mapato ya siku moja nzuri ya soko kana kwamba kila siku ni hivyo! Kadirieni mwaka mzima, mkihesabu miezi ya Aprili hadi Julai ambapo uvuvi wa omena hufungwa. Karo huja punde tu baadaye. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kisingoje wiki ya mwisho. Mkiwekwa katika kundi la uwezo lisilolingana na hali yenu, kateni rufaa. Basari ya eneo bunge la Bondo huombwa kando. Harambee? Iitisheni kwa ajili ya nauli, godoro na kodi ya chumba, kwani pesa za serikali hukawia.