Programu ya kutrade imekataa kukufungulia? Angalia haya kabla hujampea mtu yeyote nenosiri lako

Pesa imetoka kwenye simu, ujumbe wa kuthibitisha malipo umeingia, halafu programu ya kutrade inagoma kukufungulia. Hapo ndipo wateja wengi hutupigia, na tunaelewa. Ukiwa na biashara iliyo wazi na bei inasonga, dakika kumi nje ya akaunti ni ndefu sana.

Lakini wacha tuseme ukweli mapema: kwa kawaida mlango uliokwama si wetu. Sisi tunasafirisha pesa kutoka simu yako hadi kwa broka. Akaunti yenyewe ya biashara iko kwa broka, na hata tungetaka hatuna uwezo wa kukurejeshea nenosiri lake. Tunachoweza ni kukuonyesha pa kuangalia, na pia pa kuepuka, maana wakora wanajua mtu aliyefungiwa nje hana subira.

Mfano wetu leo ni MetaTrader 4 na MetaTrader 5. Broka wengi wa fedha za kigeni wanaohudumia Wakenya hutumia mojawapo, na shida za kuingia humo hufanana kila mahali.

Milango ni mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake

Shida nyingi tunazosikia huanza hapa. Mtu ana siri tatu tofauti kichwani na anazichanganya.

Ya kwanza ni PIN ya pesa kwenye simu. Kazi yake ni kuidhinisha malipo kwenye simu yako mwenyewe, basi. MetaTrader haina mahali pa kuiweka, na broka haihitaji.

Ya pili ni nenosiri la ukurasa wa mteja kwenye tovuti au programu ya broka. Hapa unaingia kwa imeli yako. Ndani ya ukurasa huu ndipo unaweka pesa, unatoa pesa, unapakia kitambulisho na kubadilisha nambari ya simu.

Ya tatu ni ya MetaTrader yenyewe, na hii haitumii imeli. Inataka vitu vitatu: nambari ya akaunti ambayo ni tarakimu tupu, nenosiri la akaunti hiyo, na jina la seva. Ulipofungua akaunti, broka alikutumia vyote kwa imeli. Tafuta imeli hiyo sasa hivi, ukiwa umetulia, uiweke mahali utakapoipata. Kama umeandika imeli yako pale panapotaka nambari ya akaunti, umeshapata jibu la kwa nini inakataa.

Ikikuandikia "Invalid account"

Maneno haya huogofya watu wakidhani akaunti imefutwa. Mara nyingi maana yake ni ndogo tu: kati ya vile vitu vitatu, kimoja hakilingani na vingine.

Anza na seva, kwa sababu ndiyo watu hawaiangalii. Broka mmoja anaweza kuwa na seva kadhaa: moja ya akaunti za demo, nyingine ya akaunti halisi, na wengine wana zaidi ya moja za halisi. Nambari yako ya akaunti inajulikana kwenye seva moja peke yake. Ukiipeleka kwenye nyingine, hata nenosiri likiwa sahihi kabisa, utaambiwa akaunti si sahihi. Ni kama kwenda tawi la Nakuru la SACCO moja kuulizia faili iliyo kwenye SACCO nyingine kule Meru. Yule karani hakudanganyi, hakujui tu. Soma jina la seva kwenye imeli ya broka herufi kwa herufi, kisha kwenye programu tafuta kwanza jina la kampuni ya broka, halafu uchague seva ileile.

Pia hakikisha unafungua programu inayofaa. Akaunti ya MetaTrader 4 haifunguki ndani ya MetaTrader 5, wala kinyume chake. Alama zao zinafanana, majina yanafanana, na simu nyingi zina zote mbili.

Seva ikiwa sawa, angalia nenosiri. Kibodi ya simu inapenda kuanza na herufi kubwa bila kukuuliza. Ukinakili kutoka kwa imeli, nafasi tupu ya mwishoni inaweza kuja pamoja na nenosiri na huioni. Sufuri na herufi O, moja na herufi l ndogo, hizo zimewaangusha wengi. Gusa ile alama ya jicho uone unachoandika, na usijaribu mara nane mfululizo kwa hasira. Jaribu mara mbili kwa uangalifu, ikikataa, badilisha nenosiri.

Kulibadilisha ukiwa umelisahau hufanyika kwenye ukurasa wa mteja wa broka, yaani mlango wa pili. Kampuni ya MetaQuotes, iliyotengeneza MetaTrader, hailiweki nenosiri lako. Yenyewe hutengeneza programu tu. Kwa hivyo mtu wa Telegram anayejiita "msaada wa MetaTrader" na kuahidi kukufungulia akaunti anakudanganya kuanzia jina lake.

Kitu kingine: kama akaunti ilikuwa ya demo na hukuigusa kwa muda, broka anaweza kuwa ameifunga. Akaunti za demo huisha. Fungua nyingine, hakuna pesa yako iliyopotea hapo.

Ikikuandikia "No connection"

Hii ni shida ya njia, si ya ufunguo. Bando limeisha, Wi-Fi ya mkahawa inazuia, au seva ya broka iko kwenye matengenezo. Zima data uwashe tena, badilisha kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu, sasisha programu. Ikiwa ni Jumamosi au Jumapili, usibabaike: soko la fedha za kigeni hufungwa usiku wa kuamkia Jumamosi, saa sita au saa saba usiku kwa saa zetu kutegemea majira ya New York, na broka wengi hutumia wikendi kurekebisha mitambo yao.

Umeingia, lakini huwezi kununua wala kuuza

Bei zinacheza, chati iko, lakini programu haikubali agizo lako. Kabla hujamlaumu broka, jua kwamba MetaTrader ina nenosiri la aina mbili kwa akaunti moja. Lipo nenosiri kuu, lenye uwezo wote wa kutrade. Lipo pia nenosiri la mwekezaji, ambalo ni la kutazama tu. Mara nyingi broka hutuma yote mawili kwenye imeli moja, na mtu ananakili la chini akidhani ni lilelile.

Hili la kutazama lina faida yake. Kama kuna rafiki au mwalimu wako wa trading anataka kuona unavyoendelea, mpe hilo. Ataona kila kitu na hatagusa chochote. Akisisitiza anataka nenosiri kuu ili "akutradie", fikiria tena. Ni kweli hawezi kutoa pesa kupitia MetaTrader, kwa sababu kutoa pesa hufanyika kwenye ukurasa wa mteja. Lakini anaweza kufungua biashara kubwa kuliko akaunti inavyobeba na kuimaliza kabla hujamaliza chai. Tunaona hilo ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna wa kumdai.

Umeingia, lakini pesa uliyotuma haionekani

Angalia nambari ya akaunti iliyo juu ya skrini. Ni ile uliyoijaza pesa? Wengi wana demo na akaunti halisi kwenye simu moja, na programu hukumbuka ya mwisho iliyotumika. Mtu anaona salio la demo la dola elfu kumi halijabadilika, anashangaa shilingi zake elfu mbili zimeenda wapi.

Kisha ingia kwenye ukurasa wa mteja. Kwa baadhi ya broka, pesa hufikia kwanza mkoba wa ndani, na ni wewe unayeihamisha hadi akaunti ya MetaTrader. Vilevile broka wengi hukataa pesa iliyotoka kwenye laini ya mtu mwingine, hata ya mume au mke wako, kwa sababu jina lazima lifanane na la kitambulisho. Ikiwa haipo popote, mtumie broka ile nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo. Hiyo nambari si siri. PIN ndiyo siri.

OTP haifiki

Ukiomba OTP mara tatu, ya kwanza na ya pili zinaweza kuwa zimeshakufa hata zikichelewa kuingia. Tumia ya mwisho. Kama uliwahi kuzuia jumbe za matangazo kwenye laini yako, huenda umezuia na hizi pia. Na kama unatumia programu inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, angalia saa ya simu. Programu hiyo hupiga hesabu kwa kutumia saa. Simu ikiwa nyuma kwa dakika chache, kila nambari itakataliwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe kwenye mipangilio.

Shida kubwa ni laini ya zamani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na nambari inaweza kupewa mtu mwingine. OTP zako zitaenda kwake. Badilisha nambari kwa broka kabla hujaitupa laini, si baadaye.

Na ikiwa simu yako imepoteza mtandao ghafla wakati majirani wote wana mtandao, usisubiri. Huenda mtu amebadilisha laini yako kwenda kadi nyingine. Azima simu, pigia kampuni yako ya simu waifunge, kisha mwambie broka asimamishe utoaji wa pesa. Kwa laini ya Safaricom unaweza kujikinga mapema kwa kupiga *100*100#, inayozuia laini yako kubadilishwa kiholela. Na kwa *106# utaona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipata usiyoijua, iripoti.

Kama una biashara iliyo wazi

Tuseme ni Ijumaa ya ripoti ya ajira ya Marekani, inayotoka saa tisa na nusu alasiri yetu au saa kumi na nusu kutegemea majira, na umefungiwa nje. Biashara yako haiko kwenye simu. Iko kwenye seva ya broka, na kiwango cha kusimamisha hasara ulichoweka kiko hukohuko. Kitafanya kazi hata simu ikizimika. Kinachohitaji programu iwe wazi ni ile stop inayofuata bei, ya kwenye kompyuta, pamoja na roboti. Hizo zikikosa kompyuta yako zinalala.

Kwa hiyo usianze kufuta programu na kuiweka upya huku bei inakimbia. Jaribu MetaTrader ya kwenye kivinjari, au simu nyingine. Ikishindikana, pigia broka. Baadhi hukubali kufunga biashara kwa simu baada ya kuthibitisha wewe ni nani. Ihifadhi nambari yao leo, kutoka kwa tovuti yao, si kutoka kwa Google wakati umepaniki.

Wakati shida si ya kuingia

Kuna hali moja ambayo hakuna hatua yoyote hapo juu itaisaidia. Unaambiwa: "Akaunti yako imefungwa, tuma 5,000 ya kuifungua." Ukituma, inakuwa ushuru. Baadaye ada ya kuthibitisha. Faida kubwa unayoiona kwenye skrini ni tarakimu tu. Yeyote anayemiliki seva anaweza kuziandika anavyotaka.

Broka halali hakudai pesa mpya ili akufungulie mlango. Nchini Kenya, broka wa fedha za kigeni wa mtandaoni wanasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, tunayoijua kama CMA, kwa kanuni za mwaka 2017, na majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti ya CMA. Tafuta jina kamili la kampuni, si jina la programu wala la kikundi cha WhatsApp. Jina lisipokuwemo, usitume shilingi nyingine. Piga picha za skrini, hifadhi jumbe zote za malipo, piga ripoti polisi na CMA, na utuambie sisi pia mara moja. Pesa ikishatolewa upande wa pili ni ngumu kurudi, kwa hiyo dakika za mwanzo zina maana.

Na ukimwandikia broka wako halali, mpe vya kufanyia kazi: nambari ya akaunti, jina la seva, maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini, saa yalipotokea, na kama unatumia data au Wi-Fi. Picha ya skrini inatosha nusu ya maelezo. Nenosiri usiliweke humo, hata wakikuomba.