Stuli za Kuingiana: Kabla Hujatuma Mzigo Mkoani

Wadau mnaouza fenicha mtandaoni, someni hii. Mimi imenigharimu.

Nauza stuli za mbao, seti ya tatu: ndogo inaingia chini ya ya kati, ya kati chini ya kubwa. Hapa Magomeni zinatoka sana, si unajua sebule zetu za kupanga. Wageni wakija unazitoa, wakiondoka unazirudisha. Fundi wangu yuko Keko.

Masika ya mwaka jana nikapata oda ya Dodoma. Seti ilitoka kwa fundi ikiteleza safi, nikapakia kwenye basi. Wiki kama tatu baadaye dada ananitumia video: anavuta stuli ndogo, inakuja na ya kati. Uso wa ile kubwa umepasuka. Nikarudisha hela yote, 180,000, na nauli ya mzigo ikawa juu yangu.

Basi halikuwa na kosa. Mbao ilikuwa mbichi. Mbao ikikauka inasinyaa, ikinyonya unyevu inavimba, na inabadilika zaidi kwenye upana. Urefu wake haubadiliki sana. Dar kuna unyevu wa bahari, Dodoma kukavu. Kwenye meza ya kawaida unaweza usigundue mapema. Hizi zinapishana kwa nafasi ndogo, mguu ukipinda kidogo tu zimekamatana.

Siku hizi naomba kipande cha ubao uleule, napima kwenye mizani ya duka la jirani, naandika gramu. Nakiweka ndani kivulini, napima tena baada ya siku nne tano. Uzito ukiendelea kushuka, fundi hakati. Atanuna, atakwambia mbao imekauka tangu mwaka juzi. Mwache anune. Namwambia pia aache nusu sentimita kila upande kati ya stuli na stuli, na uso asiugongelee misumari ukabanwa kabisa kwenye fremu, aufunge kwa vibao vinavyouachia nafasi ya kucheza.

Mninga napenda kwa sababu ukikauka vizuri hauhangaiki sana. Ila kama ni paini iliyopakwa rangi ya mninga, andika paini! Siku ikikwaruzika mteja ataona weupe.

Kwenye posti weka video ukizitoa na kuzirudisha kwa mkono mmoja, na vipimo vya kila stuli, siyo ya kubwa peke yake.

Yule dada wa Dodoma nilimbembeleza, akachukua seti nyingine mwezi wa kumi. Mpaka leo hajanitumia video.