Fanicha ya Zamani, Rangi Mpya: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Mkoa wa Singida

Mtumishi akihamishwa kutoka Singida kwenda Mtwara, hasombi kila kitu. Nauli ya lori humlazimisha auze kitanda, kabati la vyombo na meza kwa bei ya kutupa, na jirani ananunua. Fanicha nyingine hupatikana mnadani, nyingine ni za urithi. Ni ununuzi wa busara. Kabati la mninga au mkongo la miaka ya zamani lina mbao nzito zilizokauka sawasawa. Kama zilikuwa za kupinda, zilishapinda. Kwa bei hiyo hiyo leo, mara nyingi fundi atakutengenezea la msindano.

Kijitabu hiki kinahusu zile siku chache kati ya kununua na kutumia, yaani siku za msasa, tina na brashi. Kitu kilichotulia juu ya mbao kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu kinaweza kuingia kwenye mapafu na matumbo ya watu wa nyumba nzima kwa mchana mmoja tu.

Kuna nini ndani ya rangi ya zamani

Kwa muda mrefu viwanda vya rangi duniani vilitia madini ya risasi kwenye rangi ya mafuta ili ikauke upesi, idumu na isipauke. Rangi kali, hasa njano na nyekundu, ndizo zilizokuwa na risasi nyingi zaidi. Wala si habari za enzi za babu peke yake. Mwaka 2009 rangi zilizokuwa zikiuzwa Tanzania zilipimwa katika uchunguzi wa kimataifa ulioratibiwa na mtandao wa IPEN, na shirika la AGENDA la Dar es Salaam lilishiriki. Rangi za mafuta zilikutwa na risasi nyingi. Za maji zilikuwa na kiasi kidogo. Kikomo ambacho Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linazishauri nchi kukiweka kisheria ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Kwa hiyo hata stuli iliyopakwa juzijuzi inaweza kuwa na risasi, na kwa macho huwezi kuitambua. Ichukulie kila rangi ya mafuta usiyojua asili yake kuwa inayo.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Risasi hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, hupunguza damu na huharibu figo. Sehemu kubwa hujificha kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi; mwanamke akishika mimba, hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Mara nyingi dalili hazisemi waziwazi. Mtoto anaumwa tumbo, anapata choo kigumu, amepauka, ana hasira, na nyumbani watu wanadhani ni minyoo.

Wakenya wanalijua jambo hili kwa uchungu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kabati moja si kiwanda, lakini sumu ni ile ile, na mtoto anayetambaa sakafuni hahitaji nyingi.

Usikwangue bila sababu

Mafundi wengi, na hata wenye nyumba, huanza kwa kukwangua rangi yote mpaka mbao ionekane nyeupe. Inaonekana ndiyo kazi safi. Kwa afya ni kinyume. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyobabuka wala kupasuka, ni afadhali ibaki chini ya rangi mpya kuliko kugeuzwa vumbi.

Ioshe fanicha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, uifute kwa kitambaa kibichi, uiache ikauke. Kisha tumia msasa wa maji, ule mweusi, namba 220 au hapo karibu. Uchovye kwenye kopo la maji yenye sabuni kidogo na usugue juu juu, kwa kiasi cha kuondoa mng'ao tu ili rangi mpya ipate pa kushika. Utaona tope jembamba lenye rangi likikusanyika pembeni mwa msasa. Tope hilo lingekuwa vumbi hewani kama ungesugua kikavu. Lifute kabla halijakauka, na suuza kitambaa kwenye ndoo maalumu isiyorudi jikoni. Watu wa Singida tunajua thamani ya maji wakati wa kiangazi, lakini ndoo moja inatosha kabati zima. Baada ya hapo paka praima, kisha rangi. Usiruke praima: rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya ile ya mafuta inayong'aa hubanduka vipande vipande, na hapo umerudi kwenye tatizo la mwanzo.

Maeneo mawili hayakubali kufunikwa tu. La kwanza ni pale mbao inaposuguana na mbao: njia za droo, kingo za milango ya kabati. Kila unapofungua na kufunga, vumbi linatoka. La pili ni pale mtoto anapoweza kung'ata, kama ubao wa juu wa kitanda chake au ukingo wa meza ulio sawa na mdomo wake. Hapo ondoa rangi ya zamani, kwa kulowesha, mpaka iishe.

Mashine ya kupigia msasa isitumike kabisa kwenye rangi usiyoijua. Usibabue rangi kwa moto wala kwa mtungi wa gesi. Joto kali huifanya risasi ipae pamoja na moshi, na mvuke huo huingia mwilini kwa wepesi kuliko vumbi. Zipo pia dawa za kuyeyusha rangi ya zamani. Nyingine zina kemikali iitwayo methilini kloraidi, ambayo mtu akiivuta hugeuka mwilini kuwa gesi ile ile ya moshi wa mkaa inayoua watu waliojifungia na jiko. Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watumiaji wa nyumbani dawa za aina hiyo mwaka 2019. Ukikuta chupa isiyo na maelezo ya kilichomo, iache dukani.

Upepo, kuku na alizeti uani

Ushauri wa kawaida ni kufanya kazi hii nje, na ni sahihi, lakini upepo wa Singida una tabia yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba unaweza kusugua meza nyuma ya nyumba na vumbi likatua kwenye alizeti ya jirani iliyoanikwa juu ya turubai. Kwa hiyo anza asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Angalia unakoelekea: pasiwe na jiko, pipa la maji, nafaka wala mboga ya mlenda iliyoanikwa. Tandika turubai au nailoni pana chini ya fanicha, na uikunje kingo ukimaliza ili kilichodondoka kisimwagike.

Kisha wafungie kuku. Hili husahaulika sana, na mkoa huu ni wa kuku wa kienyeji. Kuku hudonoa ganda la rangi akidhani ni punje, na risasi aliyoimeza huhamia kwenye mayai, mayai ambayo mama anamchemshia mtoto ili apate nguvu.

Barakoa za kitambaa tulizozizoea wakati wa UVIKO-19 hazizuii vumbi laini. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, iliyobana pua na mashavu. Hata mbao tupu isiyo na rangi inaidai: tangu 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mninga, pamoja na uzuri wa mbao yake, huamsha pumu kwa baadhi ya watu. Fundi anayekohoa kila jioni asiseme ni mafua.

Ukimaliza, usifagie kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa kibichi. Oga na ubadili nguo kabla hujambeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Maganda na vitambaa vifunge kwenye mfuko na kuvitoa pamoja na taka, si kuvichoma. Maji machafu yasimwagwe bustanini, kisimani wala korongoni kuelekea ziwa Singidani au Kindai.

Vipande vinavyobaki si kuni

Kuni ni tabu, na mguu wa kiti uliovunjika unawaka vizuri. Lakini mbao iliyopakwa rangi haipikiwi ugali: risasi hubaki kwenye majivu na kwenye moshi wa jikoni. Vivyo hivyo mabaki ya nguzo za umeme. Nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na zile zenye rangi ya kijani huenda zina aseniki, ambayo haiungui. Inabaki kwenye majivu, na majivu hayo wengine husugulia sufuria.

Kuna pia mazoea ya kupaka oili chafu ya gari kwenye miguu ya kitanda dhidi ya mchwa. Oili hiyo ina kemikali zinazosababisha saratani na hupenya ngozi, tena kitandani ndipo mtu anapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Inyanyue miguu ya kitanda juu ya vigae au mawe bapa. Kunguni nao wasipigwe kwa dawa ya pamba. Fungua viungo vyote vya kitanda, mimina maji yanayochemka kwenye nyufa, na rudia baada ya siku kadhaa kwa ajili ya mayai yaliyosalia.

Cha kupaka

Kwa fanicha ya ndani chagua rangi ya maji yenye alama ya TBS na inayoeleza kwenye kopo kwamba haina risasi. Ukilazimika kutumia vanishi au rangi ya mafuta, tina ichanganywe nje, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa mvuke wake hutambaa chini na kuufuata moto. Usitumie petroli badala yake. Mama mjamzito asikae karibu. Tina isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Moto ukitokea, namba ya Zimamoto ni 114.

Kama mbao ni mninga safi, kwa nini uifiche? Manyoni na Itigi kuna warina asali, na pale penye asali pana nta. Iyeyushe ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kisha paka nyembamba kwa kitambaa na usugue mpaka ing'ae. Haina harufu kali, wala mtoto akilamba ukingo hutakuwa na hofu. Mafuta ya alizeti yaache jikoni. Peke yake hubaki yakinata na kukusanya vumbi.

Na kama kabati linababuka kila upande, nyumbani kuna mtoto chini ya miaka sita au mama mjamzito, na huna pa kulifanyia kazi mbali nao, usilinunue, hata kwa bei ya kutupa.