Mpira Ukizama Nyasini, Bendera Itasubiri

Wadogo zangu, leo tuongee ule mkwaju wa gofu unaowaharibia Jumamosi nzima. Umelicheza shimo vizuri tangu mwanzo, mpira umepita grini kidogo tu, ukaenda kukaa kwenye nyasi nzito pembeni. Bendera iko hatua chache kutoka ukingoni, na kati yako na bendera kuna shimo la mchanga. Hakuna ujanja mwingine: mpira lazima upande juu, ushuke kwa upole, utulie. Kundi zima limenyamaza linakuangalia. Halafu anatokea kaka mmoja mjuaji, maana hakosekani, anakwambia, "Gusa tu kidogo, dada."

Usiguse kidogo. Nyasi nzito hazina huruma na fimbo inayopita polepole. Zinaishika shingoni, uso wa fimbo unajifunga, mpira unasogea kiganja kimoja na kubaki humohumo. Hasira zinapanda, mkwaju unaofuata unaupiga kwa nguvu zako zote, mpira unaruka grini nzima na kwenda kulala kwenye nyasi za ng'ambo. Ndipo mtu anaandika nane kwenye par 4, akiulizwa anasema grini zilikuwa mbaya.

Ninyi mnaoniuliza "nipige vipi" mnarukia katikati ya habari. Mpira wa juu unaotua laini unaamuliwa na namna mpira ulivyokaa, na bendera haina sauti hapo. Ukifika, usinyooshe shingo kutazama bendera. Chuchumaa uutazame mpira.

Kuna mpira uliokalia juu ya nyasi, umeelea. Unapendeza macho, na ndio unaowaponza wengi. Ukipiga kwa kuchimba, fimbo inapita chini yake yote, majani yanaruka, mpira unadondoka palepale ulipokuwa. Mpira wa namna hii unataka fimbo uishike chini kidogo kwenye mpini, usiikandamize nyasini, uiache ielee kimo kimoja na mpira, kisha ufagie kwa ulalo.

Kuna uliozama nusu, unauona mgongo na ubavu. Huo ndio wenye ruhusa ya kupigwa juu, na ndio tutakaoukalia leo. Na kuna ule uliokwenda chini kabisa, unaonekana kipande tu kama ukisimama juu yake. Huo, mdogo wangu, usiombe uwe laini. Utoe, uupeleke kwenye sehemu pana ya grini hata kama ni mbali na shimo, upige pata mbili, uende zako. Anayekwambia anaweza kuusimamisha karibu na bendera kila mara, muombe akuoneshe.

Angalia pia majani yamelalia wapi. Yakielekea unakopigia, fimbo inapita bila ugomvi mkubwa na mpira unatoka na mbio zaidi. Yakikulalia wewe, yanakuja kinyume cha fimbo, ongeza nguvu na usiwe na aibu. Halafu sikilizia ardhi kwa nyayo unapojipanga. Kama chini ni pagumu, kama ilivyo viwanja vingi wakati wa kiangazi, fimbo iliyofunguliwa sana itadunda na kuukata mpira tumboni. Utapaa kama risasi hadi kwa watu wanaokunywa soda barazani.

Wale mnaocheza Nairobi na maeneo ya juu ya Kenya, nyasi yenu ni kesi yake. Inaitwa kikuyu, na ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Utaikuta Muthaiga, utaikuta Karen, na wakulima wanaijua kama malisho ya ng'ombe. Ilisafirishwa ikaenda Afrika Kusini, Australia na California, na leo Riviera, kiwanja maarufu cha Los Angeles, kinajulikana duniani kwa kikuyu. Wataalamu wanaofika pale wanalalamika kuhusu jambo ambalo makedi wetu wanalijua tangu utotoni: mpira wa chini wa kuburuza unaoudundisha kabla ya grini haufiki. Ukigusa kikuyu unasimama. Kwa hiyo pale ambapo kwenye viwanja vingine ningekuambia "achana na mambo ya juu, uviringishe tu", kwenye kikuyu nyakati nyingine huna hiari, lazima uurushe hadi utue grini yenyewe. Ndiyo sababu nawaambia wachezaji wa bara kwamba mkwaju huu kwenu si wa kujionesha, ni wa lazima.

Sasa fimbo. Wengi wenu mnadhani mpira unatulia kwa sababu ya msokoto wa kurudi nyuma, mnaona kwenye televisheni mpira unarudi kama umevutwa na uzi. Huo umepigwa kutoka nyasi fupi. Kwenye nyasi nzito majani yanaingia kati ya mpira na uso wa fimbo, msokoto unakufa. Na mwaka 2010 wenye sheria za gofu waliibana zaidi mifereji ya usoni mwa fimbo za wataalamu, makusudi, ili nyasi ndefu iwe adhabu kweli. Wewe tegemea kimo. Mpira unaoshuka wima kutoka juu hauna pa kukimbilia.

Kimo kinatoka kwenye weji yenye mlalo mkubwa. Nyuzi 56 zinatosha kabisa, 58 au 60 ni raha zaidi kama unayo. Tom Kite alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kubeba weji ya nyuzi 60, wenzake wakidhani ni mbwembwe. Mwaka 1992, siku ya mwisho ya US Open pale Pebble Beach, upepo wa bahari ukiwapeperusha watu, alikosa grini ya shimo la 7, akapiga weji kutoka nyasini, mpira ukaingia shimoni moja kwa moja. Jioni akaondoka na kombe. Lakini usikimbie dukani kwa ajili ya hadithi hiyo. Seti nyingi za wanawake zinazouzwa kwa wanaoanza zinaishia na weji ya mchanga, na hiyo uliyo nayo hujaimaliza bado.

Igeuze uitazame chini. Utaona kitako chake ni kinene, ukingo wa nyuma uko chini kuliko wa mbele. Hiyo ni kazi ya Gene Sarazen, aliyeongeza madini chini ya fimbo yake miaka ya mwanzo ya 1930 ili isizame mchangani, akaenda kushinda British Open ya 1932. Kitako hicho ndicho kinachoifanya fimbo iteleze chini ya mpira badala ya kuchimba kaburi. Ukifungua uso wa fimbo, kinafanya kazi hata kwenye nyasi. Ukiisukuma mikono mbele ya mpira, umekizima, unabaki na kisu.

Kwa hiyo fungua uso wa fimbo kwanza, uelekee kulia kwa bendera na kutazama mawinguni, halafu ndipo ushike mpini. Wengi mnashika kwanza halafu mnazungusha mikono, mkifika kwenye mpira uso umerudi ulikokuwa. (Nazungumza na wanaopiga kulia. Mashoto, mnajua kugeuza.) Tanua miguu kidogo, kunja magoti, shusha mikono. Mpira ukae mbele kidogo ya katikati ya miguu, uzito uegemee mguu wa kushoto kiasi, maana unataka fimbo ishuke kwa mwinuko isikutane na majani mengi njiani. Vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vibane kuliko kawaida. Hapo ndipo nyasi inapopigania kukugeuzia fimbo, na hapo ndipo unapoizuia. Mkono wa kulia uwe mlegevu.

Ukiinua, kunja viganja mapema. Shusha kwa kulenga nyasi iliyo nyuma ya mpira, upana wa vidole viwili hivi, kama unavyopiga mchangani. Na hapa ndipo nakusihi: endelea. Fimbo ipite, kifua kigeuke kitazame bendera, uso wa fimbo ubaki wazi hadi mwisho. Ukimaliza, uangalie. Kama ungeweza kuweka kikombe cha kahawa juu yake, umepiga sawasawa. Urefu wa safari ya mpira uupime kwa urefu wa mzunguko wako, usiupime kwa kupunguza kasi njiani. Mzunguko mkubwa, mpira wa karibu: mwili utakataa mwanzoni, ni kawaida.

Wanawake mnaambiwa mara nyingi kwamba nyasi nzito zinahitaji misuli ya kiume. Si kweli hapa. Kutoa mpira na fimbo ndefu ukiwa mita 150 nyuma, sawa, nguvu inahitajika. Hatua kumi na tano kutoka bendera, kinachohitajika ni kasi ya kichwa cha fimbo na mkono wa kushoto usiokubali kulegea.

Kuna woga mwingine, wa kuugonga mpira mara mbili, kwa kuwa unapanda taratibu na fimbo inaukuta tena hewani. T.C. Chen wa Taiwan anaujua. US Open ya 1985, Oakland Hills, siku ya mwisho anaongoza kwa mikwaju minne. Shimo la 5, mpira uko kwenye nyasi nzito karibu na grini, anapiga, fimbo inakwama kidogo kisha inaugonga mpira mara ya pili. Kanuni za wakati huo zilimhesabia mkwaju wa adhabu. Akaandika 8 kwenye shimo lile, na Andy North akachukua kombe kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Tangu 2019 kanuni imebadilika: ukigonga mara mbili kwa bahati mbaya, ni mkwaju mmoja tu, hakuna adhabu. Basi hofu hiyo iondoe kichwani, na mwenzako akitaka kukuongezea mkwaju kwenye kadi, mwambie asome kitabu kipya.

Lakini kanuni nyingine haijabadilika, na hapa nawasema wengi, wake kwa waume. Ule mtindo wa kuweka fimbo nyuma ya mpira na kuikandamiza, kuikandamiza, hadi majani yalale na mpira uonekane vizuri, ni adhabu. Mikwaju miwili kwenye hesabu za kawaida. Kuyakanyaga kwa kiatu huku unatazama angani kana kwamba unapima upepo, vilevile. Mzunguko wa majaribio kaufanyie pembeni, kwenye nyasi inayofanana na hiyo, usikie uzito wake. Huo ni halali na una faida kuliko yote niliyosema kuhusu vidole.

Na kama hujawahi kuujaribu mkwaju huu, usiuanzie kwenye mashindano. Mwingine mwenye handikapu 30 anauona kwa mtaalamu Phil Mickelson kwenye televisheni usiku, asubuhi anautaka wakati ana nafasi tele ya grini mbele yake na hakuna kitu cha kuruka. Ukiwa na nafasi, tumia weji ileile bila kuifungua, mpira utue grini mapema na utembee. Si mrembo, lakini kadi haina mahali pa kuandika urembo.

Wiki hii, kabla hujaenda kupiga dreva, zunguka nyuma ya grini ya mazoezi, mahali ambapo mashine ya kukata majani haifiki. Chukua mipira kumi. Usiiweke kwa mkono, idondoshe kutoka usawa wa bega, ukae nayo ilivyoanguka, na kabla ya kila mmoja useme kwa sauti: umeelea, umezama nusu, au umekwenda chini. Ile iliyokwenda chini usiifungulie fimbo. Mtu akikucheka unaongea peke yako, mkaribishe apige wa kwake.