Gia Gani kwa Safari Ndefu?

Wengi wetu twapenda motokaa za spoti, nasi hubishana bwenini juu ya mwendo wa mwisho wa kila moja. Lakini ni wachache wanaouliza swali lenye maana zaidi: dereva aliye katika barabara kuu, anayeshika mwendo mmoja kwa saa nzima, atumie gia gani, na injini yake izunguke mara ngapi kwa dakika? Wengi hujibu upesi, "Gia ya juu kabisa!" Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia yaweza kumponza mtu.

Kwanza tukumbuke kazi ya gia. Katika gia ya chini injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja. Msukumo huwa mkubwa, mwendo huwa mdogo. Gia ya juu ni kinyume chake. Aliyepanda kilima kwa baiskeli ya gia analijua jambo hili kwa miguu yake.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue motokaa ndogo ya Kijapani, Mazda MX-5, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1989, yenye injini ya lita 1.6. Kipimo cha gia yake ya tano ni 0.814, cha nne ni 1.000, cha tatu ni 1.330, na cha difu ni 4.300. Zidisha 0.814 kwa 4.300, utapata 3.5. Maana yake, katika gia ya tano injini huzunguka mara tatu na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Gurudumu lake likizunguka mara moja, motokaa husogea kiasi cha mita 1.8. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, motokaa huenda mita 1,667 kwa dakika, basi gurudumu huzunguka karibu mara 920. Injini katika gia ya tano itazunguka karibu mara 3,200 kwa dakika. Katika gia ya nne, karibu mara 3,950. Tofauti ni mara 750 kwa dakika, yaani mara 45,000 kwa saa moja. Kila mzunguko una msuguano wake, na msuguano hulipwa kwa petroli. Tena, injini inayozunguka polepole huhitaji kufunguliwa hewa zaidi ili itoe nguvu ile ile, nayo huivuta hewa hiyo kwa taabu ndogo zaidi. Kwa hiyo, katika barabara tambarare, gia ya tano yafaa.

Je, si afadhali kupunguza zaidi? Hapo yategemea injini. Chevrolet Corvette ya mwaka 1997, yenye silinda nane na lita 5.7, ilikuwa na gia ya sita ya kipimo cha 0.50. Kwa kilomita 100 injini yake huzunguka kiasi cha mara 1,350 tu, wala haioni taabu, maana ni kubwa. Mazda ile ndogo hutoa nguvu yake kuu ya kusokota karibu na mizunguko 5,500. Ukiilazimisha kuvuta kwa 1,350 itatetemeka, itagonga, na kilima kidogo kitaishinda.

Sasa nafikia jambo lililonifanya niandike. Fikiri uko nyuma ya lori kwa kilomita 80 kwa saa. Katika gia ya tano injini ya Mazda inazunguka mara 2,570. Ukikanyaga mafuta na kutoka kulipita lori, motokaa itaongeza mwendo polepole, nawe u upande wa wanaokuja. Ukirudi gia ya tatu, injini inafika 4,200, na kwa gia peke yake msukumo wa magurudumu unazidi mara 1.6. Ni heri kubadili gia ukiwa bado nyuma ya lori, kisha utazame mbele, ndipo utoke. Asiyefanya hivyo huongeza sekunde mahali ambapo sekunde ni uhai.

Lakini usirudi chini mno. Kutoka kilomita 100 kuingia gia ya pili, injini ingefika karibu 7,450, nayo imepita mstari mwekundu. Injini zimeharibika kwa namna hiyo.

Mjomba wangu, dereva wa lori, hunifundisha kwa maneno machache: "Mwanangu, injini husema. Ikinguruma na kutetemeka, imelemewa. Ikilia kwa sauti nyembamba, inachoka bure." Nami naongeza hili la darasani: gia ya safari ndefu ni ile ya juu kabisa ambayo injini bado huitikia mguu mara moja. Kilima kikija, au lori likiwa mbele, gia hiyo si yako tena.

Wenzangu wenye motokaa nyumbani, na ninyi wanafunzi wa zamani mnaoendesha zenu, tafuteni vipimo vya gia na difu katika kitabu cha motokaa, mpime na mzunguko wa tairi kwa kamba, kisha mpige hesabu kama hii. Penseli na karatasi vyatosha.